Augustino au Milton: uanze na nani kuhusu bustani iliyopotea?

Kiswahili cha mitaani kilishaihukumu zamani sura ya tatu ya Mwanzo. Ukisema fulani na fulani "wamekula tunda", hakuna anayewaza mti wala nyoka. Kila mtu ameshaelewa kwamba wawili hao wamelala pamoja. Nimefundisha vijana wa kipaimara kwa miaka kadhaa, na kila tunapofika bustani ya Edeni naisikia minong'ono ya viti vya nyuma. Wanadhani kisa wanakijua. Nami nimekuja kuamini kwamba msemo huo mdogo umetupokonya sehemu kubwa ya kisa chenyewe.

Kwa hiyo watu wazima wanaponijia, wengi wao wakati wa Kwaresima, wakitaka kitabu cha kusoma juu ya vishawishi, dhambi na paradiso iliyopotea, huwa nawatajia majina mawili. La kwanza ni Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Ndiye yule ambaye jina lake limebebwa na chuo kikuu cha pale Mwanza. Kitabu chake ni Maungamo, alichokiandika kwa Kilatini kati ya mwaka 397 na 400. La pili ni John Milton, mshairi wa London aliyezaliwa 1608, aliyetunga Paradise Lost, yaani Paradiso Iliyopotea, akiwa kipofu, mistari yake akiwatamkia wengine waiandike. Baada ya majina hayo swali huwa lile lile: nianze na yupi?

Si swali dogo. Kila mmoja anadai muda na utulivu wa akili, na ukianza na asiyekufaa utakiweka kitabu kando ukadhani tatizo ni wewe.

Kwanza sura yenyewe

Kabla ya Augustino na kabla ya Milton, rudi kwenye Mwanzo 3. Ina aya 24 tu. Unaimaliza kabla chai haijapoa. Mimi huisoma katika Union Version, Biblia ya mwaka 1952, kwa sababu ya neno moja. Nyoka anafungua kinywa na kusema: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Hilo "ati" ni kazi kubwa ya mfasiri. Nyoka hajakanusha kitu wala hajaamuru kitu. Ameyachukua maneno ya asiyekuwepo mazungumzoni akayatia shaka, kama tufanyavyo barazani tunapomteta mtu.

Ukisoma polepole utaona mengine. Tunda halina jina. Tufaha limeingia baadaye, kupitia wachoraji na washairi. Neno "dhambi" halimo katika sura hii hata mara moja. Linatokea mara ya kwanza katika sura ya nne, Kaini anapoambiwa kwamba dhambi "inakuotea mlangoni". Na katika aya ya 6, mwanamke anapompa mumewe tunda, Kiebrania kina neno lenye maana ya "pamoja naye", ambalo tafsiri nyingine huliacha. Yaani Adamu huenda alikuwa amesimama pale pale, akisikiliza, kimya.

Kisha Mungu anauliza, "Uko wapi?" na wale wawili waliokula pamoja na kujificha pamoja wanaanza kutupiana mpira. "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Huyu amemshtaki mkewe na Mungu wake kwa pumzi moja.

Hilo neno "pamoja" ndilo nimelishika katika kuwalinganisha waandishi hawa. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya vishawishi yanazungumzia tamaa: jicho limeona, moyo umetaka, mkono umechukua. Augustino na Milton, kila mmoja kwa njia yake, wanasema kuna jambo lililotangulia tamaa. Mtu huanguka kwa sababu hataki kuachwa na wenzake.

Peasi na tunda

Katika kitabu cha pili cha Maungamo (sehemu zake huitwa vitabu, na za Milton pia), Augustino ana miaka 16. Amekatiza masomo kwa sababu fedha za baba hazijatosha, yuko nyumbani hana kazi. Usiku mmoja yeye na genge lake wanaingia kwenye mti wa peasi wa jirani, karibu na shamba la mizabibu la familia yake, wanautikisa na kuubeba mzigo mzima. Peasi zenyewe hazikuwa nzuri. Yeye anakiri kwamba kwao alikuwa na bora zaidi. Walionja chache, nyingine wakawatupia nguruwe.

Msomaji wa leo hushangaa kwa nini askofu mzima anatumia kurasa nyingi kulilia peasi wakati ana makosa makubwa zaidi ya kuungama. Ameishi na mwanamke bila ndoa kwa miaka mingi, amezaa naye mtoto, amemdanganya mama yake bandarini akapanda meli usiku. Mbona peasi? Kwa sababu peasi hazina kisingizio. Hakuwa na njaa, hazikuwa tamu, wala hapakuwa na nyoka wa kumdanganya. Alipenda kule kukatazwa. Anaipekua roho yake kama anayetafuta shilingi iliyoanguka gizani, na anachokiokota mwishoni ni hiki: peke yangu nisingefanya. Wenzangu wakisema "twende, tufanye", mtu anaona aibu kutokuwa na aibu.

Sijakutana na kijana wa Kiswahili asiyeielewa sentensi hiyo. "Usituangushe." "Kwani wewe mtakatifu?" Ni ile ile, imepita karne kumi na sita na bado ina meno.

Milton naye analiweka tunda mikononi mwa Hawa katika kitabu cha 9 cha utenzi wake, baada ya hotuba ndefu ya nyoka, hotuba tamu ya kushawishi kama ya wakili. Hawa anadanganyika. Adamu hadanganyiki. Anamwona mkewe akija na tawi la tunda, anaelewa mara moja kwamba amepotea, shada la maua alilomsukia linamponyoka mkononi na waridi zinapukutika. Halafu anakula kwa macho wazi, kwa kuwa hawezi kuishi bila yeye. Mtume Paulo alishasema katika 1 Timotheo 2:14 kwamba Adamu hakudanganywa. Augustino mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, alilieleza hilo hivyo hivyo: Adamu alikula kwa kutotaka kutengwa na mwenzi wake wa pekee, hata kama ushirika huo ni wa dhambi. Milton amelichukua wazo hilo na kulifanya tendo zima la kuigizwa.

Sasa rudi kwenye ule msemo wetu wa kula tunda. Milton anaupinga waziwazi. Katika kitabu cha 4, muda mrefu kabla ya nyoka kusema neno, Adamu na Hawa wanaingia kwenye kibanda chao cha maua na kulala pamoja kama mume na mke, na mshairi anasimama kuisifu ndoa. Baada ya kula tunda ndipo wanapolala tena, safari hii kwa uchu, na wakiamka hawawezi kutazamana. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni wao. Kwa Augustino habari ni nzito zaidi, na sitaki kumpamba. Ni kweli alifundisha kwamba dhambi ya kwanza ilikuwa kiburi na kutotii. Lakini alifundisha pia kwamba dhambi ya asili inarithiwa kwa kuzaliwa, na kwamba tamaa ya mwili isiyotawalika ni jeraha la anguko lile. Sehemu ya aibu tunayoihusisha na tunda imepita mikononi mwake. Wakristo wa Makanisa ya Mashariki, yaani Waorthodoksi, hawakumfuata katika yote hayo, na jirani yako Mwislamu atakuambia kwamba katika Kurani Adamu na mkewe waliteleza wote, wakaomba, wakasamehewa, wala watoto wao hawakurithishwa kosa.

Mshawishi ana sura gani

Kanisani kwetu tunasali "usitutie katika kishawishi". Waprotestanti, kwa maneno ya Union Version, wanasali "usitutie majaribuni". Maneno haya mawili hayalingani uzito. Kishawishi kinakuvuta. Majaribu yanaweza kukuvuta, lakini yanaweza pia kukuponda: ugonjwa, ukame, kukosa kazi mwaka wa tatu. Tofauti hiyo inasaidia kuchagua.

Augustino ni mwandishi wa kishawishi. Shetani kwake anatajwa, ila hapewi jukwaa. Mvutano wote uko ndani, na kwa marafiki. Kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko katika kitabu cha 6. Rafiki yake Alipio alikwenda Roma kusoma sheria, naye alichukia michezo ya kuuana uwanjani. Wenzake wakamburuta siku moja. Akawaambia, mnaweza kuuburuta mwili wangu, lakini macho na moyo hamtavipata. Akakaa amefumba macho. Kisha umati ukapiga kelele, akafumbua kutazama tu, na damu ile aliyoiona akainywa kwa macho. Akarudi siku nyingine yeye mwenyewe, akiwaburuta wengine. Augustino anatamani laiti angeziba na masikio.

Katika kitabu cha 10, akiwa tayari askofu, anaorodhesha vishawishi vilivyobaki kwa kufuata barua ya Yohane: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, kiburi cha uzima. Anakiri kwamba mbwa akimkimbiza sungura shambani anageuza kichwa kutazama. Anakiri kwamba mjusi akinasa inzi sebuleni anaacha kuwaza mambo mazito. Na anakiri kwamba kanisani sauti ya wimbo inamgusa wakati mwingine kuliko maneno yanayoimbwa, na hilo analiona ni kosa. Kwa sisi tuliolelewa na kwaya, tunaojua jinsi besi nzuri inavyoweza kukubeba ukasahau uko mbele ya nani, kurasa hizo zinauma. Nimeziweka mbele ya wanakwaya wa kigangoni na mjadala ukaenda hadi taa zikazimwa.

Milton, kwa upande wake, amempa Shetani jukwaa lote. Vitabu viwili vya mwanzo ni vyake: ameangushwa kwenye ziwa la moto, anainuka, anakusanya jeshi, anahutubia. Anasema afadhali kutawala kuzimu kuliko kutumika mbinguni, na anasema vizuri mno kiasi kwamba mshairi Mwingereza William Blake aliandika kuwa Milton alikuwa wa chama cha Ibilisi bila kujijua. Wengi wanaomsoma Milton huishia hapo. Wanafunga kitabu cha 2 wakiwa wamemkubali jemadari.

Usiishie hapo. Mfuate Shetani uone anavyopungua. Katika kitabu cha 4 anajikiri peke yake kwamba popote aendapo ni jehanamu, kwa kuwa jehanamu ni yeye mwenyewe. Katika kitabu hicho hicho anatua juu ya mti wa uzima kama ndege mnandi, halafu anakutwa amechutama kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala. Katika kitabu cha 9 anaingia ndani ya nyoka na analalamika kwa kujishusha hivyo. Katika kitabu cha 10 anarudi kuzimu kwa shangwe, anangoja makofi, anasikia mzomeo: wote wamegeuka nyoka, na tunda wanalolirukia linakuwa majivu mdomoni. Aliyeanza akiwa mkubwa kama nyangumi anamaliza akitambaa. Sijui mahubiri yaliyoieleza dhambi vizuri kuliko safari hiyo.

Lugha, muda na subira

Hapa Augustino ana faida. Kwa kuwa aliandika Kilatini, karibu kila msomaji wa leo anamsoma kwa tafsiri, na tafsiri mpya zipo. Kwa Kiingereza, ile ya Henry Chadwick ya mwaka 1991 inasomeka bila kamusi nyingi. Vitabu ni 13, vifupi. Vile tisa vya mwanzo ni maisha yake hadi kifo cha mama yake Monika huko Ostia mwaka 387. Cha 10 ni kumbukumbu na vishawishi. Vitatu vya mwisho vinageuka kuwa tafakuri juu ya wakati na juu ya mwanzo wa Mwanzo, na wengi hukwama. Ukikwama, ruka bila kuona haya, kitabu kitakusubiri.

Milton haponyeki kwa tafsiri mpya ya Kiingereza, maana Kiingereza chenyewe ndicho utenzi. Sentensi zake zinapinda kama Kilatini, kitenzi kinachelewa, majina ya miungu ya kale yanamiminika. Mistari inazidi 10,000. Toleo la kwanza la 1667 lilikuwa na vitabu 10. Mwaka 1674 akaligawa upya kuwa 12, na hilo ndilo linalosomwa. Wasomaji wa Kifaransa, ninyi wa Kongo na Burundi, mna mlango mwingine: mwandishi Mfaransa Chateaubriand aliutafsiri wote kwa nathari mwaka 1836.

Msomaji aliyezoea tenzi zetu atashtuka kwamba Milton hana vina. Alivikataa kwa makusudi, na toleo likaongezewa maelezo yake kwamba vina ni kifungo ambacho utenzi mkubwa hauhitaji. Waliofuata mgogoro wa vina na mizani uliotikisa ushairi wa Kiswahili miaka ya 1970 watajisikia nyumbani. Ushauri wangu ni mmoja: usimsome kimya. Alitunga kwa mdomo, kwa kuwa macho hayakuwepo, na anaeleweka kwa sikio. Soma kwa sauti, kikundi cha watu watatu au wanne, mkipokezana. Mstari uliokuwa fumbo kwenye ukurasa unafunguka ukisemwa.

Lawama, na njia ya kurudi

Hapa Milton anampita Augustino.

Kitabu cha 10 cha utenzi kimeandikwa na mtu aliyeijua nyumba iliyovunjika. Milton alioa mwaka 1642, na baada ya muda mfupi mkewe akarudi kwa wazazi wake. Hakurejea hadi 1645. Katika utenzi, Adamu baada ya anguko anamgeukia Hawa kwa matusi mazito, anamwita nyoka, anamwambia atoke machoni pake, anamuuliza Mungu kwa nini aliumba wanawake. Ni kurasa mbaya, na katika utenzi mzima Milton anamweka mwanamke chini ya mwanamume kwa namna ambayo msomaji wa kike ana haki ya kuikasirikia. Nimewaona wakikasirika, na sikuwazuia.

Lakini tazama nani anaanza kutengeneza. Si Adamu mwenye hoja nyingi. Ni Hawa. Anaanguka miguuni pake, analia, anasema usiniache, anasema atarudi mahali pa hukumu na kuomba adhabu yote ishuke juu yake peke yake. Hapo ndipo Adamu anapolegea. Wanainuka pamoja, wanarudi mahali walipohukumiwa, wanapiga magoti na kuungama. Yaani pamoja iliyowaangusha ndiyo inayowainua. Wanandoa niliosoma nao kurasa hizi hawakuhitaji maelezo yangu. Walinyamaza kwa muda mrefu, kila mmoja akitazama kitabu chake.

Kwa Augustino kurudi kunatokea bustanini, Milan, mwaka 386. Analia chini ya mtini. Kwa miaka alikuwa amesali sala ile maarufu, nipe usafi wa moyo, lakini si sasa bado. Anasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba jirani ikiimba "chukua usome". Anachukua barua ya Paulo kwa Warumi, anasoma aya mbili za mwisho za sura ya 13, giza linaondoka. Mtini si bahati mbaya: ndio mti ambao Adamu na Hawa walishona majani yake. Naye hakuwa peke yake. Alipio alikuwa hatua chache kutoka pale, na alipopewa kitabu akasoma mstari uliofuata akaufanya wake. Rafiki yule yule wa uwanja wa damu. Kisha wote wawili wakaingia ndani kumwambia Monika.

Niliposoma hilo mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba Augustino ametengeneza kitabu chake kwa miti miwili: mti wa peasi wenye genge, na mtini wenye rafiki mmoja.

Wengine wawili, kwa ufupi

Kuna msomaji ambaye kishawishi chake hakitoki kwa wenzake. Yuko peke yake, ana uwezo, na anapewa ofa ya njia ya mkato kwenda kwenye jambo jema. Huyo asianze na hao wawili. Aende moja kwa moja kwenye utenzi wa pili wa Milton, Paradise Regained, wa mwaka 1671. Thomas Ellwood, rafiki kijana wa mshairi, aliposoma ule wa kwanza alimwambia kwamba amesema mengi juu ya paradiso iliyopotea, je, ana nini cha kusema juu ya iliyopatikana? Jibu ni vitabu vinne tu. La ajabu ni kwamba Milton hakuiweka paradiso iliyopatikana msalabani, aliiweka jangwani, katika majaribu ya Yesu. Shetani anamletea karamu, mali, sifa, Roma na majeshi yake, hata hekima ya Athens. Hivi vyote si vitu viovu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwisho wake ni mtulivu mno: malaika wanaimba, kisha Yesu anarudi kimya kimya nyumbani kwa mama yake.

Na kuna aliyekata tamaa. Huyo mpe Safari ya Msafiri ya John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria aliyekaa gerezani miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Sehemu ya kwanza ilitoka 1678, nayo ina tafsiri ya Kiswahili, jambo ambalo peke yake ni sababu ya kutosha kwa wengi. Mhusika mkuu, aitwaye Mkristo, anaanza safari akiwa ameziba masikio kwa vidole, akiwakimbia mke na watoto wanaomwita. Yale masikio ambayo Alipio hakuyaziba. Mwanzo huo unanisumbua, na nadhani ulimsumbua Bunyan pia, maana mwaka 1684 aliandika sehemu ya pili ambapo mke na watoto wanaifuata njia ile ile. Lakini kurasa za Ngome ya Mashaka sijui mfano wake. Jitu linawafungia gizani na kuwashauri wajiue. Mkristo anakaribia kukubali; mwenzake, Tumaini, ndiye anayemzuia siku baada ya siku. Mwishoni Mkristo anakumbuka ufunguo uitwao Ahadi, ambao alikuwa nao kifuani muda wote.

Kwa hiyo

Ukiwa na kitabu kimoja tu cha kusoma mwaka huu, anza na Augustino. Nasema hivyo nikiwa nampenda Milton zaidi. Augustino atakufundisha kujitazama bila kumtafuta nyoka, na bila mazoezi hayo utamsoma Milton kama sinema ya vita ya malaika. Kijana aliye katika kundi linalomvuta, mwanachuo aliyeondoka nyumbani, mzazi anayemlilia mtoto kama Monika: hao wote Augustino.

Anza na Milton kama uko ndani ya ndoa yenye lawama, au kama una wenzako wa kusoma nao kwa sauti. Pia kama kiburi ndicho kinachokusumbua, maana hakuna atakayekionyesha kikipendeza hivyo na kikinywea hivyo. Kwa Mkatoliki kuna zawadi ya ziada katika kitabu cha 12, Adamu anapotabiriwa ukombozi na kushangaa kama atubu kosa lake au alifurahie kwa wema utakaotoka humo. Ukisoma hapo utaikumbuka Mbiu ya Pasaka inayoimbwa gizani usiku wa Jumamosi Kuu, inayoliita kosa la Adamu kosa la heri.

Na kama una jioni moja tu, basi fanya hivi. Soma Mwanzo 3 kwa sauti. Kisha kitabu cha pili cha Maungamo, kuanzia mti wa peasi hadi mwisho. Kisha mistari ya mwisho kabisa ya Milton, ambapo malaika amewatoa bustanini na upanga wa moto unawaka nyuma yao. Wanalia kidogo, wanafuta machozi. Dunia yote iko mbele yao wachague pa kupumzika, na wanashikana mikono, hatua za polepole, kuelekea nje ya Edeni.